Tumbusi Aliyeitwa Kalunde

Siku Nyamizi alipolisikia jina la Kalunde likitoka kinywani mwa mumewe ilikuwa saa saba mchana, na chakula kilikuwa kimekwisha kupakuliwa. Alikuwa amechinja kuku, akamuunga kwa karanga, akasonga ugali wa mtama laini kama Ndaki alivyoupenda tangu walipooana.

Ndaki alimega tonge, akalichovya, kisha mkono wake ukasimama nusu ya njia. Macho yalihama mezani, yakapita juu ya bega la mkewe, yakatua kwenye kipande cha mbingu kilichoonekana mlangoni. Utepe mwembamba wa rangi ya ngozi uliobandikwa nyuma ya sikio lake la kulia ulikuwa umepata joto. Nyamizi alijua kwa jinsi ngozi ya hapo ilivyowiva. Halafu Ndaki akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la taratibu, la mtu aliyemwona ampendaye akiingia uani. Nyamizi hakuwa ameliona kwa miaka minane.

"Kalunde," Ndaki akasema. "Polepole, mama. Polepole."

"Umesema nani?"

Ndaki alirudi kama mtu aliyeamshwa. Alilitazama tonge mkononi mwake, akalirudisha sahanini. "Ndege. Namba Saba. Amepata upepo wa joto juu ya mlima, alikuwa anaukimbilia."

"Namba Saba ana jina?"

"Nilimpa. Huwezi kumwita kiumbe namba siku zote."

"Ukampa hilo."

Wote wawili walijua jina hilo lilikotoka. Walilichagua pamoja, wakiwa wamelala chali chini ya neti, mkono wa Ndaki juu ya tumbo la mkewe lililokuwa na miezi mitano. Wiki tatu baadaye mimba ilitoka. Tangu hapo jina halikutamkwa tena ndani ya nyumba ile, wala hapakuwa na mtoto mwingine wa kulidai.

"Lilikuwa limekaa tu, Nyamizi," Ndaki akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi. "Halikuwa na mtu."

Nyamizi aliinuka, akaondoa sahani zote mbili, ya kwake ambayo alikuwa bado hajaigusa na ya mumewe. Ndaki hakuuliza chakula kilikwenda wapi. Alikuwa amekwisha kurudi angani.

*

Kesho yake asubuhi Nyamizi aliitwa kwa Mama Shija.

Nyamizi alikuwa daktari wa mifugo wa kata ya Ng'wamagulu, ukingoni mwa pori la Meatu, lakini ilikuwa miaka mingi tangu kazi yake ikomee kwa mifugo. Zahanati ilikuwa mbali na mbwa walikuwa karibu, kwa hiyo serikali iliwaruhusu watu kama yeye kuwachanja binadamu pia. Alimkuta mama wa watu ameketi kwenye kigoda, mguu ulioumwa na mbwa ndani ya beseni, akijisugua kwa sabuni ya kipande bila kupumzika.

"Umesugua kwa muda gani, mama?"

"Tangu jua lile lilipokuwa pale, mwanangu." Mama Shija alionyesha kwa kidevu. "Sitaacha mpaka uniambie. Unamkumbuka baba Shija."

Nyamizi alimkumbuka. Kata nzima ilimkumbuka mzee Shija, mwanamume aliyewahi kumvuta fisi mkia akamtoa zizini, jinsi alivyokufa akipiga kelele kwa kuogopa kikombe cha maji. Katika miaka kumi, watu ishirini na sita wa kata ile walikuwa wamekufa kwa kichaa cha mbwa. Nyamizi aliwajua kwa majina.

Alimchoma sindano ya kwanza kuzunguka jeraha na ya pili begani. Kisha akaenda kuutazama mzoga wa ng'ombe, maana mbwa walikuwa wamefuata ng'ombe.

Alikuwa amelala nyuma ya zizi, amekufa siku nne zilizopita, amevimba kama pipa. Mbwa kumi na wawili walikuwa wakimzunguka, na katikati yao fisi wawili, midomo yao ikigusana juu ya nyama ileile. Hapo ndipo ugonjwa ulipopita kutoka kinywa hadi kinywa. Nyamizi aliwapigia kelele. Hawakusogea hata hatua.

Zamani, mzoga kama ule ulikuwa kazi ya saa moja. Bibi yake alimsimulia: ng'ombe anaanguka, hujamaliza hata kumlilia, mbingu imejaa tumbusi. Wanashuka, wanagombana, wanakula hadi mfupa, wanaondoka. Tumbo la tumbusi liliua kila kitu, hata kimeta. Kisha watu wakaanza kumwagia mizoga sumu ili kuwaua simba na fisi waliowamalizia mifugo, na kwa kila simba mmoja aliyekufa walikufa tumbusi mia. Hakuna aliyewalilia. Walikuwa na shingo za upara na walinuka. Tumbusi wa mwisho wa porini alionekana miaka kumi na tisa iliyopita, na baada yake ndipo mambo yakaanza kuja, moja baada ya jingine. Mizoga ilikaa wiki tatu. Mbwa mwitu na mbwa koko walinenepa, wakazaana, wakajifunza kutembea makundi. Maji ya malambo yalioza. Kimeta kililala udongoni, kikaua nyumbu na pundamilia, na mizoga hiyo nayo ikawalisha mbwa wengine. Ndege mmoja mbaya wa sura alikuwa amezuia yote hayo, na hakuna aliyejua mpaka alipokwisha.

"Daktari," Mama Shija aliita kutoka kwenye kigoda chake. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Daktari, tazama juu."

Kivuli kilipita juu ya zizi. Mbwa walinyanyua vichwa. Namba Saba alishuka akiwa ameninginiza miguu, mabawa yake mapana kuliko mlango wa nyumba, akatua kwa kishindo juu ya ubavu wa ng'ombe, akanyoosha shingo na kuwazomea. Mbwa hawakuwahi kuona kitu kama hicho maishani mwao. Walirudi nyuma wakibweka, na fisi wakafuata.

Mama Shija alikuwa akilia waziwazi, mguu ukivuja maji ya sabuni. "Wamerudi," alisema. "Wamerudi, jamani. Mzee angewaona."

Kulikuwa na watu wazima katika kata ile ambao hawakuwahi kumwona tumbusi. Nyamizi alipaswa kufurahi kuliko wote. Alipaswa pia kusogea na kuandika: ndege ametua saa ngapi, anakula namna gani, bawa la kushoto limekaaje. Ndiyo iliyokuwa kazi yake kwenye Mradi wa kuwarudisha tumbusi. Alichukua daftari, akakaribia hadi hatua kumi.

Ndege aliinua kichwa chenye damu akamtazama.

Nyamizi alijua kwamba saa hiyo Ndaki alikuwa ameketi kwenye kiti chake nyumbani, macho wazi bila kuona ukuta, akiona kupitia utepe kile ambacho ndege aliona. Maana yake alikuwa akimwona yeye, mkewe, na gauni lake la kazi na viatu vya mpira. Alisubiri. Alitaka ishara yoyote, kichwa kuinama, jicho kupepesa, chochote cha kumwambia kwamba mwanamume aliyekuwa ndani mle alimtambua.

Ndege akageuka, akampa mgongo, akaendelea kula.

Nyamizi aliokota jiwe. Hakukumbuka kuinama. Alikumbuka tu uzito wake mkononi, na sauti ya "Mwanangu!" kutoka kwa Mama Shija, na jinsi lilivyompata ndege kwenye bega la kulia, na manyoya mawili yaliyoelea kabla ya kugusa ardhi.

*

Ndaki alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, mkono wa kushoto umeshika bega la kulia. Hapakuwa na jeraha wala uvimbe.

"Ulinipiga jiwe," alisema.

"Nilimpiga ndege."

"Ulijua nilikuwemo."

"Ndiyo." Nyamizi alivua viatu, akaviweka sawa ukutani kwa uangalifu mkubwa. "Nilijua ulikuwemo. Ndiyo maana."

Ndaki alicheka kwa uchungu. "Wewe ndiye unayewazika watu, Nyamizi. Wewe ndiye uliyenipeleka kwa Dokta Hosiana ukasema, mume wangu ana subira, mfundisheni. Sasa unamwonea wivu ndege?"

"Mwambie asiitwe jina la mwanangu, nitaacha."

"Mwanetu."

Neno hilo lilikaa kati yao. Nyamizi alisogea, akapiga magoti, akashika kifundo cha mkono wa mumewe kama ambavyo angemshika ndama. Alihesabu kwa saa yake dakika nzima. Kisha akahesabu tena, kwa sababu hakuamini.

"Mapigo thelathini na nane."

"Ni kawaida kwa waelekezi."

"Si kawaida kwa mtu. Lini umekula ukashiba?"

Ndaki alifumba macho. Kila mtu kwenye Mradi alijua kwa nini waelekezi walikonda. Tumbusi hujifunza njia kwa kuwafuata wakubwa, na hapakuwa na wakubwa wa kufuatwa. Watu wa Mradi wakabuni utepe wa mtu na punje ya ndege, punje ndogo kuliko mbegu ya ufuta, iliyopandikizwa chini ya fuvu siku kinda anapoanguliwa. Lakini ndege haelewi maneno wala ramani. Anaelewa njaa. Kamera za angani zikiona mzoga, mwelekezi alielekeza uso wake upande huo, akauwazia, akautamani, hadi tamaa yake imwingie ndege na kumvuta. Mtu aliyeshiba hakuweza kumvuta tumbusi hata hatua moja. Waelekezi sita wa kwanza walipoteza ndege wao sita: mmoja kwa nyaya za umeme, wawili kwa sumu ya zamani iliyobaki porini, wengine walipaa tu hawakurudi. Ndaki peke yake ndiye aliyebaki na wa kwake. Watu walisema alikuwa na kipaji. Nyamizi alijua ni kitu kingine. Mumewe alikuwa na njaa ya miaka minane, naye ndege akaifuata.

"Ningependa uione mara moja tu," Ndaki alisema, macho bado yamefumbwa. "Ungeelewa. Kule hakuna kilichopotea."

Hakusema kwamba huku chini kuna kilichopotea. Haikuhitajika.

*

Ijumaa Nyamizi alikwenda ofisini kwa Dokta Hosiana na fomu yake haijatiwa sahihi.

Dokta Hosiana, mkuu wa Mradi, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyevaa sweta hata kwenye joto la Meatu. Kila Ijumaa mwenza wa kila mwelekezi alitia sahihi kwamba ameridhika muungano uendelee. Bila sahihi hiyo, utepe ulizimwa. Dokta aliisisitiza sheria hiyo mwenyewe, baada ya mwelekezi mmoja kusahau kunyonyesha.

"Kaa, dada," alisema. "Niambie."

Nyamizi alimwambia kuhusu mapigo, uzito, chakula kinachorudi sahanini. Hakusema kuhusu jina. Alisema kuhusu jiwe, kwa sababu Mama Shija angesema.

Dokta alisikiliza hadi mwisho. "Jumatatu tunafungua banda. Makinda kumi na moja, na hao hawana punje, hawana mwelekezi. Watamfuata Namba Saba au hawatamfuata mtu. Mayai mengine hakuna. Hayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki kwenye barafu, dunia nzima." Alisogeza fomu karibu na Nyamizi. "Ukizima leo na Namba Saba akapotea, basi. Wewe unajua kuliko mimi kitakachofuata. Lakini moyo wa mumeo nao ni moyo. Sitakushauri."

"Nishauri, dokta."

"Siwezi. Nikikwambia tia sahihi akafa, nimemuua. Nikikwambia usitie, kesho mtoto akaumwa na mbwa, utakuja kuniuliza." Alivua miwani, akaifuta kwa sweta. "Wewe mwenyewe unajua unamtetea mumeo au unamwondoa mwanamke mwenzio?"

Nyamizi alihisi uso ukimwaka. Alitaka kukasirika, akakuta hana haki. "Sijui," alisema. "Nimejiuliza njia nzima. Sijui."

Nje, mtu alikuwa akimwaga maji kwenye ndoo.

"Kuna utepe wa akiba?" Nyamizi akauliza.

Upo, alisema dokta, ukipangwa sawasawa unaweza kuvaliwa na mtu mwingine kwa saa moja wakati mwelekezi amepumzika. Ndaki alikuwa na mapumziko ya saa nane mchana. "Lakini uwe hujala."

"Sijala tangu jana."

*

Ulikuja upepo kwanza. Kisha ardhi ikaondoka.

Nyamizi alishika viegemeo vya kiti, lakini mikono yake ilikuwa mbali, ilikuwa ya mtu mwingine. Chini yake Meatu yote ilikuwa imetandazwa: malambo yaking'aa kama sarafu, mapito ya ng'ombe yakikutana na kuachana, kila mti na kivuli chake. Aliweza kumwona panya akivuka njia. Hewa ya joto ilimwinua kifuani kama mkono mkubwa, na hakuhitaji kufanya lolote. Hakuwa na uzito. Hakuwa na umri. Machozi yalimtoka kwenye uso aliouacha ofisini.

Kwa hiyo hiki ndicho, alifikiri. Siwezi kumpa hiki.

Kisha akaanza kumtafuta Ndaki. Alifanya hivyo kwa aibu, kama mwanamke anayepekua mifuko ya koti la mumewe. Aliutafuta uso wake ndani ya ndege, sauti yake, jina lile, hata kumbukumbu ndogo ya mkono unaolisha. Paa la bati la nyumba yao lilipita chini. Palikuwa na mtu ameketi uani kwenye kiti, kichwa kimeinuliwa. Ndege alimwona kama alivyoona jiwe na kichuguu. Hakukawia hata pigo moja la bawa.

"Dada," sauti ya dokta ilisikika kwa mbali. "Kuna mzoga mashariki, kilomita kumi na nne. Jaribu kumpeleka."

Nyamizi aligeuza uso mashariki. Aliwaza nyama. Njaa ilimkamata kweli, chungu, na akaisukuma yote upande huo.

Ndege aliinama magharibi.

Alijaribu tena. Ilikuwa kama kumsemesha mtu aliyelala. Ndege alikuwa ameona kitu: kunguru wawili wakishuka nyuma ya miiba, fisi mmoja akikimbia mstari ulionyooka badala ya kuzurura. Aliviona, akavijua maana yake, akakunja mabawa. Nyamizi alipiga kelele kwenye kiti. Mita mia nne zilipita kwa pumzi moja, na pale chini, mahali ambapo kamera ya angani haikuonyesha kitu, kulikuwa na nyumbu aliyekufa asubuhi ile.

Nyamizi aling'oa utepe kwa mkono wake.

Dokta Hosiana alikuwa akiitazama ramani kwenye kioo mbele yake. Alama mbili, ya mtu na ya ndege, zilikuwa zimeachana, moja mashariki, moja magharibi. "Umeshindwa kumvuta," alisema. "Si ajabu, hukufunzwa."

"Hakuna anayemvuta," alisema Nyamizi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka majini. "Dokta, anajua kazi yake. Nitazamie siku za nyuma. Nani anageuka kwanza, mtu au ndege?"

Ilichukua nusu saa. Katika siku arobaini zilizopita, kila siku, ndege aligeuka kwanza. Sekunde mbili, tatu, baadaye ndipo Ndaki alipouelekeza uso wake upande uleule, na kuandika kwenye taarifa yake: nimempeleka.

*

Ndaki hakukana. Alikuwa ameketi uani kwenye kiti kilekile, na Nyamizi alisimama mbele yake akimzibia mbingu.

"Siku arobaini," Nyamizi alisema. "Unamfuata, na unasema unamwongoza."

"Nilifikiri atanihitaji tena. Kukiwa na dhoruba. Kukiwa na moshi."

"Hakujui, Ndaki. Nilikuwemo. Alipita juu yako."

Alitaka maneno hayo yaume, na alipoona yameuma hakupata raha aliyoitegemea. Miezi yote alimchukia ndege kwa kumwiba mumewe. Sasa aligundua kwamba alimkasirikia kwa kutomjali. Ilikuwa aibu ya ajabu, kama kumkuta hawara wa mumeo hata hamkumbuki.

"Najua hanijui," Ndaki alisema. "Ulifikiri sijui? Mtoto akishajua kutembea, anageuka nyuma kukutazama? Inatosha mimi kumjua." Akamshika mkono, akaubana. "Nipe mpaka Jumatatu. Siku tatu. Niwaone makinda wakipaa naye, nikiwa mle. Kisha uzime, sitasema neno. Nyamizi, sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli. Hakuwahi. Hata siku ile hospitali, hakuomba chochote, alikaa tu na mfuko wa nguo ndogo mapajani.

Nyamizi alimshika kifundo cha mkono, akahesabu. Thelathini na saba. Siku tatu si nyingi. Moyo ungeweza kuzivumilia. Ungeweza pia kusimama Jumapili saa nne asubuhi. Na makinda wakimfuata kiongozi ambaye mtu anajaribu kumvuta kushoto huku yeye anajua ni kulia, wangejifunza nini? Hesabu yote ilikuwa upande wake. Alijua, vilevile, kwamba kama hesabu ingekuwa upande mwingine bado angetaka kuzima.

"Hapana," alisema.

Ndaki aliuachia mkono wake. "Kwa hiyo wivu wako umepata cheti."

"Ni wivu, ndiyo." Hakuinamisha macho. "Na moyo wako unapiga mara thelathini na saba. Na ndege hakuhitaji. Yote matatu ni kweli, na siwezi kuondoa moja ili nionekane mwema mbele yako. Nichukie. Utanichukia ukiwa hai."

Dokta Hosiana alikuja mwenyewe jioni ile, kabla ya jua kuzama, na kifaa kidogo kama kalamu. Ndaki aliomba aachwe uani, uso juu. Ndege hakuonekana. Dokta aliugusa utepe, na Nyamizi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuona uso wa mumewe ukifungwa kama duka. Hakulia. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa nguo alizozisahau kwa fundi. Kisha akainama ghafla akatapika maji matupu, na mkewe alipomkimbilia kumshika kichwa, Ndaki alimsukuma.

*

Hawakusemezana Jumamosi wala Jumapili. Ndaki alikula kidogo, uji, akigeukia ukuta. Jumatatu alipanda nyuma ya gari la Mradi bila kuulizwa, akaketi juu ya gurudumu la akiba, mbali na mkewe.

Banda lilifunguliwa saa tatu, ardhi ilipoanza kupata joto. Watu wa vijiji vitatu walikuwa wamekuja, Mama Shija mbele yao na mguu wake uliofungwa. Namba Saba alikuwa juu ya mti mkavu tangu alfajiri, hakuna aliyemwita. Makinda walitoka wakitembea kama walevi. Wawili walirudi ndani na kukataa kabisa kutoka. Mwingine alipaa, akagonga waya wa uzio, akavunjika shingo mbele ya watu wote, na mlio wa huzuni ukapita kwenye umati. Wanane walibaki chini wakizubaa.

Kisha ndege wa mtini alijiachia, akazunguka mara moja, akaanza kupanda. Mmoja akafuata. Halafu watatu. Halafu wengine wote, wakipigapiga mabawa vibaya, wakitafuta ule mkono wa hewa ya joto, na walipoupata mabawa yakatulia.

Gari liliwafuata kwa shida, kwenye mabonde na miiba. Walipofika, dakika hamsini baadaye, pundamilia aliyekufa kando ya lambo alikuwa amebaki mbavu na fuvu. Kundi la mbwa lilikuwa limekaa mbali, ndimi nje, halina la kufanya. Tumbusi walikuwa wameanza kuinuka tena mmoja mmoja, wazito. Dokta Hosiana alishuka garini, akaugusa mfupa wa paja kwa kidole, akakitazama kidole chake kwa muda mrefu.

Ndaki alikuwa amesimama peke yake, kiganja juu ya macho. Shingo yake ilikuwa imekonda kiasi kwamba kola ya shati ilimzunguka bila kumgusa. Ndege tisa walikuwa wakizunguka juu, wote weusi dhidi ya mwanga, wote sawa. Aligeuza kichwa huku, akakigeuza kule. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima na zaidi alikuwa akiwatazama kwa macho yake mwenyewe, na macho hayo yalikuwa ya mtu wa kawaida wa miaka arobaini na mitatu, yaliyozoea kitu kingine.

"Yupi?" aliuliza. Hakuwa ameuliza mtu, lakini Nyamizi ndiye aliyekuwa karibu.

Nyamizi alimjua. Wivu ulikuwa umemfundisha ndege yule kuliko elimu yote aliyosoma: jinsi alivyoinamisha bawa, jinsi alivyokunja miguu, jinsi alivyochelewa kupiga pigo la pili. Miezi yote alikuwa amesimama kwenye madirisha akimtafuta ili amchukie vizuri. Na wivu haukuwa umemtoka. Aliuhisi pale pale, chini ya mbavu, mzima kabisa. Angeweza kusema hajui. Angeweza kuonyesha yeyote kati ya wale wanane, na Ndaki angemwamini.

Alisogea akasimama nyuma ya mumewe. Akamshika kidevu kwa vidole viwili, kikiwa na ndevu za siku tatu, akaugeuza uso wake taratibu kuelekea kusini, akauinua kidogo.

"Yule wa juu kuliko wote," alisema. "Kalunde ndiye yule, anayewaacha wenzake."

Ndaki hakukitoa kidevu chake mkononi mwake, na wakakaa hivyo, wakimtazama ndege, mpaka akawa nukta, na Nyamizi akasikia kwenye vidole vyake taya la mumewe likitetemeka.

"Nimemwona," akasema.